Mkono wa Koko Ngaisi

Walikuja kumchukua Koko Ngaisi asubuhi, kwa adabu zote, akiwa amekaa barazani anachambua maharage.

Waliokuja ni Watelu, wenyeji wa sayari ile, na hawakuwa wamewahi kuonekana pamoja kwa wingi kiasi kile. Walijaza njia yote kuanzia kanisani hadi kwenye matangi ya maji. Mtelu mzima humfikia mtu kiunoni. Ana miguu mitatu minene, ngozi ngumu ya kijivu, na utosi laini usiokaza maisha yake yote, kama wa mtoto mchanga. Hana mdomo wa kusemea. Husema kwa mtetemo wa kifua, na asiyevaa kifasiri shingoni, chombo kinachogeuza lugha huku na huku, husikia ngurumo tu, kama mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili.

Koko Ngaisi hakuwa na kifasiri. Alikataa kukivaa tangu siku yeye na wenzake walipotua, akisema shingo yake ni ya shanga, si ya makorokoro. Aliwatazama wageni wake, akafurahi kama koko, yaani bibi, aliyetembelewa na wajukuu wote kwa mpigo.

"Leo mmekuja hadi na vitoto!" akasema.

Aliyekuwa mbele akainamisha kichwa. Koko akafuta vumbi la maharage kwenye shuka lake, akamwekea kiganja utosini, kama alivyofanya siku zote.

Mwanawe, Mwinjilisti Lomayani, alikuwa ndani akihangaika na mahubiri ya Jumapili. Alitoka baada ya ngurumo kuanza kutikisa vikombe kabatini. Yeye kifasiri alikuwa nacho, na kilipokamata mtetemo wa Gwem, mkubwa wa Watelu, kikamsomea sikioni kwa ile sauti yake isiyo na furaha wala huzuni.

"Mwinjilisti, tumekuja kumsindikiza mama yako Bondeni. Mvuke umeanza kupanda. Tumemtengenezea machela, maana tunajua miguu yake ni miwili tu."

"Kumsindikiza akafanye nini?"

"Akatulipie," Gwem akasema, kama mtu anayeulizwa jambo ambalo hata mtoto analijua.

Sayari ile waliiita Nanyokie, kwa wekundu wa mawe yake, nao waliohamia huko walikuwa Waarusha watupu, Walutheri wa kutoka miteremko ya Mlima Meru. Walibeba mbegu, ng'ombe wakiwa bado viinitete vya kwenye chupa, kengele ya kanisa, na desturi zao. Mojawapo ni ile ya kuamkiana. Kwao mtoto hampi mzee mkono. Humwinamishia kichwa, na mzee humgusa utosini. Asiyeinama hana malezi, na mzee asiyegusa ana kinyongo.

Watelu waliwaona watoto wa Waarusha wakiinama. Siku moja mmoja wao akajaribu, mbele ya Koko Ngaisi. Naye Koko, ambaye alikuwa anaumia kuzeeka mahali ambapo watoto walikuwa wachache, alimgusa kwa moyo mweupe. Kesho yake wakaja kumi. Ikawa mazoea, na Waarusha wakajisifu kwamba wamewafundisha viumbe wale adabu. Hakuna aliyejiuliza viumbe wale walifikiri wamefundishwa nini.

Lomayani aliuliza asubuhi ile, akiwa amechelewa miaka minane. Gwem akamweleza taratibu.

Kwa Watelu, ubaya hukaa utosini. Ukidanganya, ukiiba, ukiua, ubaya huingia kupitia pale palipo laini na hukaa. Hautoki kwa maneno wala kwa machozi. Nanyokie huzunguka jua lake kwa njia ndefu, na ikilikaribia, barafu iliyo chini ya Bonde huyeyuka, ikakutana na mawe ya moto, na Bonde zima hujaa mvuke. Hapo kila mwenye chake utosini hushuka, bila kujifunika, akalitembea Bonde kutoka mwanzo hadi mwisho. Wenye ngozi ya kutosha hutokea upande wa pili wakiwa safi. Wazee, vilema na watoto hawatokei.

Isipokuwa mtu akikuwekea mkono utosini. Huyo amekuchukulia. Anashuka yeye.

"Kwetu ni kitu cha nadra sana," Gwem alisema. "Mzazi kwa mwanawe, labda, na mara moja tu. Mama yako alituwekea sote. Mwanzoni tuliogopa. Tulidhani ni mgonjwa wa akili. Kisha wewe ukaanza kutuambia kila Jumapili kwamba yuko mmoja aliyechukua makosa ya wote kwa upendo, tukaelewa."

Lomayani akaketi kwenye ngazi. Kwa miaka minane alikuwa amewahubiria, na kwa miaka minane walikuwa wakimjibu, "Tunamjua huyo." Lakini hakuna hata mmoja aliyeomba ubatizo. Mwisho alijikatia shauri kwamba anampigia mbuzi gitaa. Sasa alikumbuka kwamba kila alipofika mahali pale pa mahubiri, Watelu walikuwa wakigeuka kutazama benchi la pili, upande wa wanawake, alipokuwa amekaa mama yake.

*

Mzee Sironka Laizer, mwenyekiti wa makazi, aliitwa, akaja anafunga vifungo. Alikuwa mtu wa njia za mkato, na mara nyingi njia zake zilifika.

"Waambie Mungu amefuta," akasema. "Wewe si ndiye msemaji wake hapa? Waambie deni limefutwa, waende nyumbani."

"Nikawadanganye kwa jina la Mungu?"

"Kwani ni uongo? Si ndivyo unavyotuhubiria sisi?"

Lomayani akamgeukia Gwem, akaamua kusema kweli, kwa sababu kweli ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mama yangu hakujua," akasema. "Kwetu ule mkono ni salamu tu. Hakuchukua kitu chochote."

Ngurumo ikakatika.

"Basi kila mmoja anacho chake," Gwem akasema. Hakuonyesha hasira. "Na ni kingi, maana tuliishi bila kujichunga sana. Ahsante kwa kutuambia kabla mvuke haujashuka."

Akageuka. Na wale wa nyuma wakageuka, na wa nyuma yao, njia nzima ikaanza kuelekea Bondeni. Vitoto vilipandishwa migongoni. Vilikuwa na ngozi nyepesi bado, ya rangi ya maziwa, na kwa kuwa mkono wa Koko haukuwa umechukua kitu, navyo vilibaki na vyao, vya ukubwa wao.

"Mbona wanaondoka bila kunywa hata maji?" Koko Ngaisi akauliza. "Umewaambia nini?"

Lomayani angependa kumdanganya. Lakini kumdanganya Koko Ngaisi ni kazi iliyowashinda wengi, marehemu mumewe akiwa wa kwanza. Akamweleza yote akiwa amesimama, bila kumtazama.

Koko alisikiliza hadi mwisho. Akachukua punje moja mbovu ya maharage, akaitupa.

"Warudishe," akasema.

"Yeyo, mama yangu, utakufa. Huo mvuke unaivisha nyama."

"Nimesikia. Warudishe hao watoto kwanza, tutaongea wakiwa hapa."

"Hukujua! Mtu hashikwi kwa jambo asilolijua."

"Nilikuwa naamkiwa asubuhi na jioni, nikajisikia malkia. Nilifurahia, wala sikuficha. Leo wakija na sababu ya kuniamkia niseme sikujua?" Alikuwa amekasirika, na hasira ilimfanya aonekane kijana. "Mtu hali mahari kisha akasema binti hakuzaliwa. Warudishe, Lomayani."

Lomayani akawakimbilia, akawapata kwenye matangi ya maji. Na pale, akiwa anahema, alijaribu jambo lake la mwisho, ambalo kwa haki lilipaswa kuwa la kwanza.

"Gwem, nisikilize. Sikuwa namsema mama yangu. Yuko mwingine. Alishabeba zamani, huko tulikotoka, akabeba vya wote. Hakuna haja ya mtu kushuka tena, si mama, si ninyi."

Gwem alifikiri. Watelu wakifikiri kifua chao hutulia kabisa.

"Huyo mwingine," akasema, "alituwekea mkono lini?"

Lomayani alikuwa na majibu ya swali hilo, mazuri, aliyosomea. Aliyapitia moja moja kichwani huku Gwem akimsubiri kwa subira, na kila moja lilikuwa ni maneno. Mbele yake palikuwa na kitoto mgongoni kwa mama yake, kimelala, utosi wake unapwita.

"Rudini," akasema hatimaye. "Mama amekubali."

*

Kuna utaratibu, na Watelu hawaruki utaratibu. Anayebeba lazima asikie anachobeba. Wakaketi, Koko Ngaisi kwenye kigoda chake, Lomayani pembeni na kifasiri, na Watelu wakaja mmoja mmoja.

Mengi yalikuwa madogo hadi kuchekesha. Mmoja hakumwonyesha ndugu yake mahali palipoota kuvu tamu. Mwingine alikanyaga mayai ya jirani, akasema ni mawe yameporomoka. Watatu, waliokuja pamoja kwa aibu, walikula mishumaa ya kanisa.

"Kumbe ni ninyi!" Koko akasema. "Tulisali Krismasi gizani, na mzee wa kanisa akasingizia panya. Panya watoke wapi Nanyokie?"

Akacheka hadi machozi. Lomayani alimwona mama yake akicheka saa ile, akaumia zaidi kuliko kama angelia. Mwenyekiti alikuwa amesimama ukutani na mikono kifuani. Mara mbili alimwashiria Lomayani kwa macho kuelekea ghalani, ilikowekwa bunduki ya makazi, na mara mbili Lomayani akatazama kando.

Mengine hayakuchekesha. Mmoja alimwacha baba yake barafuni kwa sababu alikuwa mzito kubeba. Koko hakucheka hapo. Alitikisa kichwa tu kuonyesha kwamba amesikia.

Kisha akaja Isho.

Lomayani alimfahamu huyu kuliko wote. Alikuwa na mguu mmoja uliolemaa, na alikuwa akija kukaa nje ya mlango wa nyumba ya Mwinjilisti kila siku tangu Nemburis, mke wa Lomayani, alipofariki. Hakuwa akiuliza kitu. Alikaa tu. Lomayani alikuwa amejipa moyo kwamba huyu ndiye atakayekuwa wa kwanza kubatizwa, na zaidi ya mara moja, upweke ulipozidi, alitoka akakaa naye.

Isho akaanza kutetema, polepole.

"Ni majira ya mbali, wakati wa baridi ile kubwa," kifasiri kikasoma. "Mwanangu alikuwa anakufa kwa baridi. Ile nyumba yenu ya mimea ilikuwa na joto, nililiona likitoka kwenye nyufa. Nikakisukuma kile kibao mnachokisukuma, ukuta ukafunguka, nikaingia na mwanangu, nikamlaza kwenye majani. Akapona. Nikambeba, nikaondoka. Sisi hatuna kuta zinazofunguka. Sikujua kwamba ukuta ukifunguka hurudishwa. Kulikuwa na mwanamke amelala upande wa ndani. Asubuhi nilisikia wanamlilia."

Nemburis alilala kitaluni usiku ule ili kulinda miche. Walimkuta amejikunja, ameganda, mkono wake juu ya trei ya mchicha. Kamati ya makazi ilikagua mlango ikasema komeo lilikatika kwa barafu, na Lomayani aliamini. Alimshukuru Mungu kwamba haikuwa kosa la mtu. Ndicho kitu pekee kilichokuwa kikimpa usingizi.

"Amesema nini?" Koko akauliza.

Lomayani alikuwa akiona wazi sana. Aliona kwamba mama yake hajui, mwenyekiti hajui, na katika umati ule wote yeye peke yake ndiye mdomo. Sentensi moja ingetosha. Amwambie Gwem: hili la Isho mama amelikataa. Isho asingebisha. Angeshuka Bondeni mwenyewe kwa ule mguu wake, na asingefika nusu. Hakuna ambaye angejua, na hata kama mtu angejua, nani angemlaumu? Alikitaka kitu hicho. Alikitaka kwa mwili mzima, kama mtu anavyotaka maji.

"Amesema nini, baba?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwa miaka minane Lomayani alisimama madhabahuni akausimulia mzigo wa mwingine, na haukuwahi kumwumiza bega.

Akamtafsiria mama yake. Hakupunguza neno.

Koko Ngaisi alimtazama Isho. Nemburis alikuwa mkwe, lakini mkwe aliyeshona shanga pamoja naye, aliyemkanda miguu, aliyemcheka usoni bila kuogopa.

"Huyu alikuja kuniamkia siku ya mazishi," akasema. "Nilimshika kichwa. Nikasema moyoni, angalau huyu ana utu."

"Mkatae, Yeyo." Sauti ilimtoka Lomayani yenyewe. "Wabebee wote. Huyu mwache."

"Mkeo alikuwa mwanangu pia."

"Basi mkatae!"

"Nitamtoaje? Nilipowashika sikuuliza, nikasema nyote karibuni. Sasa nianze kuchambua?" Akatafuta fimbo yake. "Naogopa, nisikudanganye. Nisaidie kusimama kabla sijaghairi."

Aliinuka nusu, akarudi kukaa. Watelu wanne wakasogea na machela. Ilikuwa imefumwa vizuri, imewekewa kuvu laini pa kuegemea kichwa.

Hapo Lomayani akafanya jambo ambalo Mwarusha hafanyi. Aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mama yake.

Mwenyekiti akaita jina lake kwa ukali, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse moto. Kwa watu wake mtoto hagusi utosi wa mzazi. Ni kumlaani, au ni kumwambia umekwisha. Koko mwenyewe alishtuka kama aliyemwagiwa maji.

"Toa mkono!"

"Siutoi."

"Nani kakupa ruhusa ya kunishika kichwa? Mimi ni mama yako!"

"Ndiyo, Yeyo," Lomayani akasema. "Ndiyo maana."

Koko alielewa wakati ule mwanawe amefanya nini, maana hakuwa mjinga. Akachukua fimbo akampiga nayo ya goti, kwa nguvu zote alizobaki nazo, kisha ya pili, kisha fimbo ikamwanguka, akalia kwa sauti. Nywele zake fupi nyeupe zilikuwa na joto chini ya kiganja cha Lomayani. Hakuwahi kuzigusa maishani.

Gwem alisogea. "Umechukua vyote alivyokuwa navyo?"

"Vyote."

"Na cha Isho?"

"Nimesema vyote."

Gwem akawarudisha wale wa machela, kwa kuwa huyu alikuwa na miguu yake.

*

Mwenyekiti aliwafuata hadi ukingoni mwa Bonde na vazi la wachimbaji, lile la kuzuia joto, amelibeba mikononi. Hakuwa amezoea kubembeleza na hakujua namna ya kuanza.

"Vaa angalau hili la juu, Mwinjilisti."

"Aliyefunikwa hajalipa," Gwem akasema, naye Lomayani akamtafsiria.

"Basi pita kwa haraka. Usisimame. Kijana wa miaka arobaini anaweza kupita, mimi naamini." Hakuna aliyemuuliza imani hiyo ameitoa wapi. Akalikunja vazi, akabaki amelikumbatia.

Bonde lilikuwa jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Mvuke ulipanda bila kelele, na joto lake lilifika usoni kutoka mbali. Upande wa pili haukuonekana. Lomayani alikuwa na woga wa kawaida, na alikuwa na hasira, na hivyo viwili vilikuwa vimekaa pamoja bila kusaidiana. Alijaribu kuomba. Yakaja maneno ya mezani, ya kushukuru kwa chakula, akayasema hayo hayo.

Isho alikuwa amemfuata akichechemea. Alisimama hatua chache, akainamisha kichwa, kisha akakiinua tena, kama ambaye hajui kama bado anaruhusiwa.

"Mwinjilisti," akasema. "Umenisamehe?"

Lomayani alitafuta jibu la kanisani. Alilijua kwa moyo, alishawafundisha wengine walitoe.

"Sijakusamehe, Isho," akasema. "Nimekubebea tu. Hayo mengine tutazungumza nikitoka."

Akavua viatu na shati, akaviweka juu ya jiwe, akashuka.